Haki ya Mnyama Mzee na Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), twawaomba wasomaji wetu ruhusa tuliweke mbele yao suala ambalo huenda baadhi yao wakaliona dogo. Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mirathi, talaka, mahari yaliyopita kiasi, na gharama zisizo na asili zinazofuata mazishi yetu. Leo twataka kuzungumza juu ya paka na punda. Wala asicheke mtu, kwani katika mlango huu mdogo mwanamke mmoja aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia hata akafa, na mtu mwengine akasamehewa madhambi yake kwa sababu ya mbwa aliyemnywesha maji. Khabari zao zote mbili zimepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim, na kila mtoto wa chuoni amezisikia.

Suala lenyewe lililetwa katika darsa letu hapa Msambweni. Mama mmoja mtu mzima alimtuma mjukuu wake na karatasi. Alikuwa na paka aliyemlea kwa miaka 14. Paka huyo alikuwa ametoka uvimbe kwenye taya, hawezi kutafuna, amekonda hata mbavu zikahesabika, na usiku alikuwa akilia. Mwanawe alishauri atiwe katika gunia, akatupwe mbali, sokoni Ukunda, akajitafutie rizki yake huko. Jirani yake, afanyaye kazi katika majumba ya wageni Diani, alimwambia kwamba huko daktari wa wanyama huitwa nyumbani, akamdunga mnyama sindano, akalala asiamke tena. Mama yule aliuliza mambo mawili: Je, yafaa kumdunga? Na kama haifai, nimfanyeje?

Mimi ndiye niliyepewa karatasi ile niijibu. Nililijibu suala la kwanza, la pili nikaliacha. Nilisema kwa haraka, kama asemavyo mtu aliyekwisha kuyasoma mambo katika kitabu, kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi ni haramu kumuua mnyama asiyeliwa, ijapokuwa ni kwa nia ya kumpumzisha, na kwamba mfano wautajao mafakihi ni punda aliyelemaa. Kisha tukaendelea na darsa. Mama yule alitii. Siku ya nane paka alikufa uvunguni mwa kitanda, na sisimizi walikuwa wamekwisha kumwingia machoni kabla roho haijamtoka. Nilipokwenda kumjulia hali hakunilaumu. Alisema tu: "Maalim, ulinikataza kumuua, lakini hukunifunza kumuuguza."

Neno hilo ndilo sababu ya makala haya. Niliyoyasema hayakuwa ya uongo, lakini nilitoa nusu ya hukumu, na hiyo nusu niliyoitoa ndiyo nyepesi kwangu na nzito kwa mnyama.

Basi na tuanze pale nilipopaswa kuanza. Je, mnyama ambaye hana manufaa tena ana haki gani juu yetu? Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, mtu wa Damascus aliyehamia Misri na kufa huko mwaka 660 wa Hijra, yaani 1262, alizikusanya haki za wanyama juu ya wanadamu katika kitabu chake cha Qawaidul Ahkam. Haki aliyoitanguliza ni kwamba mwenye mnyama amtumilie kwa kadiri ya haja ya mnyama wa namna ile, hata kama amezeeka au ameugua maradhi yasiyoondoka, na haipatikani faida yoyote kwake. Kisha ndipo alipotaja kutombebesha asichokiweza, kutomweka pamoja na anayemdhuru, kumfanyia wema katika kumchinja, na kutowachinja watoto wake mbele ya macho yake. Na tuangalie alivyoanza. Hakusema mlishe kwa sababu atakubebea mzigo. Alitaja uzee na ugonjwa kwa ulimi wake, kana kwamba aliona tangu zamani kuwa hapo ndipo tutakapotafuta upenyo wa kutokea.

Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa pwani hii kizazi baada ya kizazi, mambo yamepangwa wazi vivyo hivyo. Mwenye mnyama akikataa kumlisha, kadhi humlazimisha. Akiwa ni mnyama aliwaye, ana hiari tatu: amuuze, au amlishe, au amchinje. Akiwa ni mnyama asiyeliwa, zimebaki mbili tu: amuuze au amlishe. Sasa paka wa miaka 14 mwenye uvimbe wa taya atamnunua nani? Na punda aliyevunjika nyonga? Basi imebaki moja, nayo ni kumlisha na kumtazama. Gunia la kwenda kumtupa Ukunda halimo katika hesabu hiyo. Mnyama aliyezoea jiko la nyumba, akitupwa sokoni akiwa mgonjwa, hakuachiliwa huru. Huyo amefungiwa kama paka wa yule mwanamke, ila kifungo chake hakina ukuta. Mwanamke yule hakumlisha wala hakumwacha ajilie wadudu wa ardhini. Na sisi twamwacha mahali ambapo twajua kwamba hawezi kula kitu.

Twasema kwa lugha yetu kwamba shukrani ya punda ni mateke. Methali hii tumeipokea bila ya kuifikiri. Punda wabeba madumu ya maji katika nchi kavu za Kinango, wavuta mikokoteni ya mchanga na mawe, na mwisho wake tukasema pia kwamba punda afe, mzigo wa bwana ufike. Na shukrani yetu sisi kwake ni nini? Punda anayetunzwa aweza kuishi miaka 30 na zaidi, lakini wengi wa hawa wafanyao kazi hawaufikii umri huo. Na anayeufikia, mara nyingi huonekana kando ya barabara, kidonda mgongoni, amefunguliwa kamba kwa kuwa kamba bado ina thamani na yeye hana.

Na pale thamani ilipopatikana, ilipatikana katika ngozi. Tangu mwaka 2016 vilifunguliwa katika nchi yetu vichinjio vya punda, ngozi zikipelekwa Uchina kutengenezewa dawa, na wizi wa punda ukaenea. Februari 2020 Waziri wa Kilimo alitoa amri ya kusimamisha uchinjaji huo, amri ambayo ilipingwa mahkamani. Na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara hiyo ya ngozi katika bara zima. Twataja jambo hili kwa sababu laonyesha mnyama hufikia wapi inapodhaniwa kwamba haki yake yatokana na faida yake peke yake. Faida ya kubeba ikiisha, hutafutwa faida ya kufa.

Ama sasa turudi kwenye suala la kwanza la mama yule, suala la sindano. Ni kweli kwamba mafakihi wa madhehebu yetu wamezuia kumuua mnyama asiyeliwa kwa ajili ya kumpumzisha. Lakini si kweli kwamba hayo ndiyo maneno ya wanavyuoni wote, na mtu wa elimu hapaswi kuwaficha watu khitilafu iliyoko. Wenzetu wa madhehebu ya Malik, kama ilivyo katika Mukhtasar ya Sheikh Khalil, wamejuzisha kumchinja mnyama asiyeliwa anapokatiwa tamaa. Na baadhi ya wanavyuoni wa zama zetu wamefuata njia hiyo kwa mnyama aliye katika maumivu yasiyo na dawa.

Sisi twaona kwamba kila upande umelinda kitu kikubwa. Waliozuia wameufunga mlango ambao uvivu wetu ungeupita kwa jina la huruma. Maana ni nyepesi mno kusema "namhurumia" na hali mtu amechoka kufagia kinyesi. Waliojuzisha nao wamekataa kumwacha kiumbe katika mateso ilhali mkono wa kumwokoa upo. Na wote wawili wanakutana mahali pamoja, mahali ambapo mimi nilipapita bila ya kupaona: hakuna aliyesema kwamba mnyama mgonjwa aachwe. Aliyezuia kuua amewajibisha kutumilia. Aliyejuzisha kuua ameweka sharti la kukata tamaa, na tamaa haikatwi na mtu ambaye hakujaribu kutibu.

Kwa hivyo mwenye mnyama, kabla ya kuuliza kama yafaa kumuua, na aiulize nafsi yake: Ni nani atakayepumzishwa? Ikiwa ni mnyama, alama zake zaonekana: maumivu hayatulii, chakula hakipiti, pumzi yambana, kusimama hawezi, na mjuzi amekwisha kumtazama akasema hana dawa. Ikiwa atakayepumzishwa ni mimi, na kelele za usiku, na harufu, na gharama, basi hiyo si rehema, ni kujitoa katika deni. Na aliye mkweli ataona kwamba mara nyingi mambo hayo mawili yamechanganyika; hapo na amuuguze kwanza siku chache kwa dhati, kisha aulize tena. Mtu aliyelala karibu na mnyama wake akamnywesha kwa kijiko, neno lake juu ya kumpumzisha lina uzito usiokuwamo katika neno la aliyeleta gunia.

Aliyefika hapo, akawaiga Wamaliki, twaona kwamba hana lawama, maadamu kifo chenyewe ni chepesi kabisa. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi ya Shaddad bin Aus iliyomo katika Muslim, amefunza kwamba wema umeandikwa juu ya kila kitu, hata katika kuua. Sindano ya daktari wa wanyama humpa usingizi kwanza, kisha moyo ukasimama. Ama sumu katika nyama, kuzamisha baharini, rungu, na kuachwa juani, hayo hayakujuzishwa na mtu, na sheria ya nchi pia, Sura ya 360, imeyahesabu mateso ya wanyama kuwa kosa. Na aliyetulia juu ya kauli ya madhehebu yetu, asiue, naye yuko juu ya kauli ya wakubwa; lakini ajue kwamba amejitwika kazi ya kuuguza mpaka mwisho, usiku na mchana.

Na kuuguza ni elimu. Kwa upande wa wanadamu, elimu hii imepata nyumba zake. Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua mjini London nyumba ya kuwauguza wasiotarajiwa kupona, na Nairobi ikapata ya kwake mwaka 1990. Msingi wao ni kwamba dawa ya kuponya ikikosekana, dawa ya kutuliza maumivu haijakosekana, wala maji, wala kitanda safi, wala mtu wa kukaa karibu. Madaktari wa wanyama katika nchi nyingi wameuchukua msingi huo. Na hapa petu tusiseme hakuna. Lamu ipo hospitali ya punda tangu mwaka 1987, ambako punda hutibiwa bila ya malipo. Diani wapo tangu 1997 watu wanaowahifadhi mbega, waliotundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega wasigongwe na magari. Na mbega aliyejeruhiwa kwa gari au kwa nyaya za umeme huchukuliwa kutibiwa.

Basi nayaandika hapa yale niliyopaswa kumwambia mama yule.

Paka mgonjwa hujificha. Kunyamaza kwake si dalili ya kupona. Alazwe mahali pa kivuli, penye upepo kidogo, juu ya kitambaa kinachobadilishwa, na maji yawe karibu na kinywa chake. Aliyeumwa taya apewe supu ya samaki isiyo chumvi wala kitunguu, au samaki aliyesagwa laini, kidogo kidogo. Macho na pua zipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na miguu ya kitanda au ya sanduku lake iwekwe katika vikopo vya maji ili sisimizi wasimfikie. Wala asipewe dawa ya wanadamu kwa kumwonea imani. Panadol, ambayo kwetu ni dawa ya kila maumivu, ni sumu kwa paka, na hata nusu ya kidonge yaweza kumuua kifo kibaya. Zipo dawa za maumivu zilizo zake, na daktari wa wanyama ndiye wa kuzitoa. Mwenye kuweza amwite. Asiyeweza na aulize ofisi ya mifugo iliyo karibu naye.

Punda naye ni mvumilivu kupita kiasi. Aumwapo hapigi kelele, husimama tu ameinamisha kichwa. Punda aliyeacha kula asingojewe hadi kesho, kwani njaa ya siku chache humharibu damu. Mzee ambaye meno yake yamekwisha apewe pumba iliyorowekwa na majani yaliyokatwa mafupi. Kidonda chake kisafishwe kwa maji ya chumvi na kifunikwe inzi wasitie mabuu. Aliyelala asiyeweza kuinuka ageuzwe upande mara kwa mara, chini yake pakiwa na majani makavu. Na ikiwa ana mwenzake waliyezoeana, wasitengwe, kwa maana punda humtafuta mwenzake aliyepotea.

Akifa mnyama, na azikwe kwa kina, khasa aliyekufa kwa sindano, kwa sababu dawa ile hubaki mwilini na huua mbwa na kunguru watakaomla. Wala hapana sanda, wala sala, wala khitma, hayo tusiyazushe. Wema wetu kwake mahali pake ni kabla ya kufa.

Tumesikia maneno matatu ya kupinga. La kwanza ni kwamba haya ni mambo ya Wazungu wa Diani. Twajibu kwamba Ibn Abdis-Salaam hakuwa mtalii. Sheikh Mustafa As-Sibai wa Sham, aliyefariki mwaka 1964, ameeleza katika maandishi yake juu ya ustaarabu wetu kwamba Damascus ilikuwa na uwanja wa majani uliowekwa wakfu kwa farasi waliozeeka ambao wenyewe wamewaacha, wakila humo hata wafe. Wazee wetu waliwawekea wakfu wanyama wasiokuwa na faida, nasi leo twaona haya kuwapa maji kwa kuogopa kuitwa Wazungu! Kinachopotea kikaokotwa na mwengine hakiwi kimeacha kuwa chetu.

La pili ni kwamba watu wenyewe hawana dawa, basi itakuwaje paka atibiwe? Neno hili lina ukweli, nasi twasema wazi kwamba mtoto wa jirani hutangulizwa mbele ya paka wangu. Lakini tupime kwa insafu. Bakuli la maji halikumnyima mtoto yeyote dawa, wala kitambaa, wala kivuli. Na yule atoaye hoja hii, mara nyingi utamkuta hakumpa paka wala hakumpa mtoto.

La tatu lahusu mbwa, kwamba ni najisi. Najisi ni hukumu ya kuosha chombo na nguo. Si ruhusa ya kumpiga mawe mbwa mzee aliyelinda boma la mtu miaka kumi. Mbwa aliyenyweshwa katika Hadithi alikuwa mbwa. Ama mwenye kichaa, huyo ni khatari kwa roho za watu, na kuuawa kwake mara moja kwa mkono wa wanaohusika ni jambo jengine kabisa, wala hapana mwenye kulipinga.

Sisi watu wa islahi twapenda sana kusema yafaa na haifai, na hapana shaka kwamba kazi hiyo ni ya lazima. Lakini hukumu inayomkataza mtu mlango mmoja bila ya kumwonyesha mlango wa pili humwacha amesimama gizani, na mnyama wake mikononi. Mama yule wa Msambweni alikuwa tayari kufanya lolote ambalo dini ingemwambia. Alikesha na paka wake siku nane, na hapana aliyemwambia kwamba kijiko cha supu na vikopo vinne vya maji chini ya kitanda ni katika ibada.

Nimemwomba radhi, naye amenisamehe. Sasa ana paka mwengine, mtoto wa yule wa kwanza, naye pia ameanza kuzeeka. Nimemwahidi kwamba siku yake ikifika, karatasi haitakuwa na haja ya kuletwa darsani, mimi nitakwenda.

Wabillahi ttawfiq.